Je, Twawahukumu Matajiri kwa Haki?

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa Chama, na kupigwa chapa hapa kwa ombi la Kamati.



Kamati imetuheshimu kwa kututaka tuseme mbele yenu juu ya jambo lililozuka katika mkutano uliopita, tulipokuwa tukizungumza habari za mchango wa kuwasomesha watoto wa wenzetu waliofariki. Mtakumbuka kwamba ndugu mmoja alishauri twende kwa matajiri wa mji huu tukawaombe. Ndugu wa pili alisimama akajibu kwa ukali kwamba fedha ya tajiri ni jasho la maskini, na chama cha waungwana hakiwezi kuipokea. Wa tatu akasema kwamba tajiri ni mtu aliyebarikiwa, na kumsema vibaya ni husuda tu. Tukatawanyika bila ya kukata shauri. Mchango haukukusanywa, na watoto wale wangali wanangoja ada ya shule. Kwa hiyo, mabwana, jambo hili si la kupitishia jioni. Yapasa tulipatie jibu.

Kwanza na tulitazame neno lenyewe. Tajiri, kwa asili yake katika Kiarabu, ni mfanya biashara. Katika Kiswahili neno hili limepanuka likawa na maana ya mtu mwenye mali, hata kama hajapata kuuza sindano maishani mwake. Tena dereva humwita mwenye gari "tajiri wangu", na nahodha humwita hivyo hivyo mwenye chombo, maana yake ni yule anayempa kazi. Basi katika neno moja wamo watu watatu: auzaye, aliye nacho, na aajiriye. Mara nyingi twagombana kwa kuwa mmoja wetu amfikiri wa kwanza, na mwenziwe amfikiri wa tatu.

Tena yuko tajiri wa nne, ambaye hatumtaji kwa sababu ni sisi wenyewe. Karani akienda kwao kwa livu, amevaa viatu na kushika sanduku, watu wa kijiji humwona tajiri. Hawaulizi kodi ya nyumba, wala deni la duka, wala kwamba mshahara wake umekwisha kabla ya mwezi kuandama. Akitoa shilingi mbili, husema ameficha mia. Asipotoa, husema amesahau alikotoka. Sisi sote tumeonja hukumu hiyo, na sisi sote tumesema kwamba si ya haki. Walakini jioni ile ile tukirudi kituoni, twaketi barazani na kumhukumu mwenye duka kwa sheria ile ile tuliyoikataa kijijini.

Twaomba ruhusa yenu tuwasimulie jambo lililotupata sisi wenyewe, ingawa halituletei sifa.

Miaka iliyopita tulikuwa karani katika kituo kimoja cha bara. Palikuwa na maduka mawili yaliyojulikana sana, moja juu karibu na boma, na moja chini karibu na soko. Hatutataja kabila wala taifa la wenye maduka hayo, kwa sababu mkilisikia tu, baadhi yenu mtakuwa mmekwisha kutoa hukumu.

Mwenye duka la juu alikuwa mtu mkavu. Alilala katika chumba kilicho nyuma ya duka, akala ugali na dagaa, na kanzu yake ilikuwa ile ile Jumatatu na Ijumaa. Alipoombwa mchango wa arusi alitoa shilingi moja, akaiandika katika daftari. Hakupunguza bei kwa mtu, wala hakuongeza. Mali yake ilizidi mwaka kwa mwaka, na kwa kuwa hakuonekana akiitumia, watu walitafuta sababu nyingine. Walisema anafuga nyoka ndani ya pipa. Walisema amemtoa mtoto wake kwa mashetani, ingawa hakuna aliyepata kumwona na mtoto. Walisema usiku huhesabu fedha pamoja na jini.

Mwenye duka la chini alikuwa mtu wa furaha. Siku ya Maulidi alichinja mbuzi, na Krismasi alichinja mbuzi. Akifa mtu, yeye hutoa sanda. Akikutana na maskini njiani humwita kwa jina na kumpa senti kumi. Wimbo wa ngoma haukuimbwa mjini bila ya kumtaja. Watu walisema, huyu ndiye tajiri wa Mungu, na yule wa juu ni tajiri wa Ibilisi. Nasi tulisema vivyo hivyo.

Hatuna budi kuongeza kwamba sisi tulikuwa na deni katika duka la juu, shilingi arobaini na sita na senti, kwa vitambaa na mafuta ya taa tuliyochukua wakati wa arusi yetu. Tulipata faraja katika ule uvumi wa nyoka na jini. Deni la mchawi halimharakishi mtu kulilipa kama deni la mtu mwema.

Siku moja alikuja mkaguzi wa mizani, nasi tuliwekwa kumwandikia matokeo. Mizani ya duka la juu ilikuwa sawasawa, na kila jiwe lilikuwa na uzito wake kamili. Katika duka la chini yalikutwa mawe ya namna mbili. Yale yaliyotumika kuuzia sukari na chumvi yalikuwa yamechimbwa chini ili yawe mepesi. Mengine, yaliyotumika kununulia karanga za wakulima, yalikuwa yametiwa risasi ili yawe mazito. Kwa miaka mingi mkulima aliibiwa mlangoni akiingia na karanga, akaibiwa tena akitoka na chumvi, kisha akaalikwa kula nyama ya mbuzi aliyenunuliwa kwa kile alichoibiwa, naye akashukuru.

Kesi ilisikilizwa hadharani na mtu yule akatozwa faini. Je, mwadhani mji uligeuza maneno yake? La. Watu walisema ameonewa. Walisema yule bakhili wa juu ndiye aliyemchongea. Usiku mmoja mlango wa duka la juu ukapigwa mawe, na watu wakaacha kununua kwake. Baada ya miezi minne akafunga duka, akapakia vitu vyake katika lori akaenda zake wilaya nyingine. Sisi tulijua kwamba hakumchongea mtu, maana barua iliyomleta mkaguzi tuliiona kwa macho yetu, nayo ilikuwa barua ya safari ya kawaida ya kila mwaka. Kusema hivyo barazani hakukuvunja siri yo yote ya ofisi. Hatukusema. Tulinyamaza kwa sababu tuliogopa kuitwa rafiki wa mchawi, na kwa sababu alipoondoka, deni letu liliondoka naye.

Miaka miwili baadaye dhamiri ilitusumbua. Tulitafuta anwani yake tukampelekea hawala ya posta ya shilingi arobaini na sita na senti ishirini, kama tulivyokumbuka. Baada ya majuma mawili ilikuja bahasha. Ndani palikuwa na stakabadhi ya shilingi arobaini na sita kamili, na stempu ya senti ishirini kuwa ndiyo baki yetu. Hapakuwa na neno jingine. Stempu ile hatukuitumia mpaka leo.

Mabwana, twasema kisa hiki kwa sababu ndani yake mna makosa mawili, wala si moja. Watu husema kwamba jamii huwahukumu matajiri kwa ukali mno. Ni kweli, tulimhukumu mmoja kwa ukali asioustahili. Lakini yule wa pili tulimhukumu kwa upole asioustahili vile vile. Bakhili tulimhesabia kila senti aliyoiweka, na karimu hatukumuuliza hata senti moja aliipata wapi. Hatukupima njia ya kupata. Tulipima njia ya kutumia, na zaidi ya yote tulipima kama sisi wenyewe tumefikiwa na nyama.

Sasa na tutoke katika kituo kidogo tutazame mtu mkubwa ambaye jina lake lajulikana pwani yote. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanya biashara wa Bagamoyo, naye alifariki mwaka 1897. Biashara yake ilikuwa ile iliyoutajirisha mji ule: kuwapatia wasafiri nguo, shanga, waya na wapagazi, na kupokea pembe zitokazo bara. Mali aliyoipata aliitumia kwa mambo yanayoonekana mpaka leo. Aliijengea Bagamoyo nyumba ya mawe ya ghorofa kuwa shule, akaitoa kwa serikali ya Wadachi kwa sharti kwamba wapokewe watoto wa kila taifa. Alitoa fedha ya kujenga hospitali Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa hospitali ya Waafrika na Wahindi. Hata katika hospitali ya Muhimbili liko jengo liitwalo Sewahaji. Wagonjwa wengi wamelala ndani yake bila ya kujua kwamba hilo ni jina la mtu.

Hiyo ni hukumu moja. Lakini iko nyingine. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Bagamoyo kutafuta wapagazi wa kwenda kumtafuta Dr. Livingstone. Katika kitabu alichokipiga chapa mwaka 1872 amemlaumu sana kijana mmoja wa Kihindi aliyeahidi kumpatia wapagazi hao, akamwita mdanganyifu, akasema alimcheleweshea watu na kumwandikia hesabu za uongo. Wanahistoria wamemtambua kijana huyo kuwa ndiye Sewa Haji wetu, ingawa Stanley aliliandika jina lake kwa namna nyingine. Mtu mmoja, basi, katika kitabu ni mwizi, na katika ukuta wa hospitali ni mfadhili. Tumwamini nani?

Wengine watasema kitabu, kwa kuwa kimeandikwa. Lakini Stanley alikuwa mnunuzi, na mnunuzi aliyecheleweshwa si shahidi asiye na upande. Wengine watasema hospitali, kwa kuwa mawe hayasemi uongo. Lakini mawe nayo hayasemi fedha yao ilitoka wapi. Sisi twaona kwamba yuko shahidi wa tatu, ambaye hakuitwa na Stanley wala hakuitwa na waliochonga jina ukutani. Shahidi huyo ni mpagazi.

Mtu huyu, na mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, alibeba mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani ratili sabini, kutoka pwani mpaka Unyanyembe, safari ya miezi kama mitatu kwa miguu. Wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira wa nguo. Walijua thamani ya kazi yao, na walipopunjwa waliweza kuiweka mizigo chini wakakataa kuendelea. Wengine walikufa njiani kwa ndui na njaa, wakaachwa kando ya njia. Kama tungeweza kumwuliza mmoja wao, "Je, ulilipwa doti zako kama ulivyoahidiwa?" tungejua habari za Sewa Haji kuliko tuzijuavyo kwa kitabu na kwa ukuta vyote viwili. Hatuwezi kumwuliza, kwa hiyo hatutamwita Sewa Haji mwizi, wala hatutamwita mtakatifu. Shule tutamshukuru kwayo, maana ni shule kweli. Hesabu ya wapagazi tutaiacha wazi, maana haijafungwa.

Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya kale, na hukumu ya maneno haimdhuru mtu." Tunajibu kwamba hukumu ya maneno yaweza kuwa hukumu ya serikali, na katika nchi zetu imekuwa hivyo. Mwezi wa Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwapa watu wa asili ya Asia siku 90 waondoke Uganda. Walisemwa kwa jumla kwamba wanaikamua nchi. Hapana shaka miongoni mwao walikuwamo wenye mawe mepesi. Lakini walikuwamo pia wenye mizani sawasawa, na walimu, na waganga, na makarani kama sisi, na hakuna aliyeulizwa mmoja mmoja. Maduka waligawiwa watu waliokuwa karibu na wenye nguvu. Haukupita muda mrefu sukari ikaadimika katika nchi iliyokuwa na mashamba makubwa ya miwa Kakira na Lugazi. Maskini aliyeambiwa kwamba anaokolewa ndiye aliyekunywa chai bila ya sukari.

Katika Tanzania mwaka 1983 palikuwa na vita juu ya waliohujumu uchumi. Ulanguzi ulikuwapo kweli. Sabuni na khanga zilifichwa, na wananchi waliteseka. Lakini watuhumiwa walipelekwa mbele ya baraza maalumu badala ya mahakama za kawaida, wala hawakuruhusiwa kuwa na mawakili. Mwaka uliofuata sheria ile ilibadilishwa, na kesi za namna hiyo zikarudishwa katika Mahakama Kuu. Twaona katika kubadilishwa huko ungamo la nchi nzima, kwamba hata mwenye hatia yampasa ahukumiwe kwa mizani iliyo sawa.

Lakini tusije tukateleza upande wa pili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi na watumishi wa vyeo kupokea mishahara miwili, kumiliki hisa, na kuwa na nyumba za kupangisha. Walioandika hayo hawakuwa wapumbavu wala wenye husuda. Walijua jambo ambalo sisi wa maofisini twalijua zaidi ya watu wote, kwamba mwenye mali hapungukiwi na watetezi. Faili lake hupatikana upesi. Barua yake hujibiwa kabla ya wino kukauka. Akija ofisini huletewa kiti, na mkulima aliyetembea tangu alfajiri huambiwa aje kesho. Mtu wa namna hiyo akilalamika kwamba jamii yamwonea, yafaa kumsikiliza, lakini si vibaya kumkumbusha kwamba amesikilizwa akiwa ameketi.

Basi, jibu letu kwa swali ni hili. Naam, jamii huwahukumu matajiri isivyo haki, lakini si kwa ukali tu. Huwahukumu kwa uvivu. Ni rahisi kutazama ukubwa wa nyumba, au rangi ya mtu, au wingi wa mbuzi aliowachinja. Ni kazi kuinama na kulitazama jiwe la mizani kwa chini.

Dini zetu zote mbili zimetutangulia katika jambo hili. Waislamu wanayo Sura ya 83, ambayo jina lake lenyewe lawataja wanaopunja vipimo, nayo yawaonya wale wanaojipimia kamili na kuwapimia wenzao pungufu. Haiwaonyi kwa kuwa wana mali, bali kwa kuwa wana vipimo viwili. Wakristo wanamkumbuka Zakayo, ambaye alikuwa mtoza ushuru, yaani mtumishi wa serikali kama sisi, naye alikuwa tajiri. Makutano walinung'unika alipotembelewa. Yeye hakujitetea kwa maneno mengi. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Angalieni kwamba sadaka haikutosha. Sadaka ilikuwa jambo moja, na kurudisha kilichodhulumiwa kulikuwa jambo la pili. Yule wa duka la chini alijua la kwanza tu.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu mbele ya mkutano huu.

La kwanza, tuache kuuliza juu ya tajiri, "Ana kiasi gani?" au "Ni wa taifa gani?" Tuulize, "Waliombebea mzigo walilipwa?" Hilo ni swali linaloweza kujibiwa. Wako wapakuzi wake, wako madereva wake, wako wakulima wanaomwuzia, nao wana ndimi. Akishuhudiwa vema na hao, basi awe bakhili awezavyo, hatutamwita mchawi. Akishuhudiwa vibaya na hao, nyama yake isitufumbe midomo.

La pili, swali hilo tujiulize wenyewe. Katika nyumba ya kila karani aliye hapa yuko kijana achotaye maji, au msichana aleaye watoto, ambaye mara nyingi ni jamaa yetu tuliyemleta kutoka kijijini kwa ahadi ya kumsomesha. Kwake yeye sisi ndio tajiri. Je, tumelipa? Ahadi ya shule tuliitimiza? Kama bado, basi tuna jiwe lililochimbwa chini, na mkaguzi hajafika tu. Nasi tunaosema haya tumejikagua kabla ya kuja, na hatukutoka salama katika kila hesabu.

La tatu, kwa habari ya wale watoto. Shauri letu ni kwamba mchango tuanze sisi, kila mmoja kwa kadiri yake, na orodha iandikwe. Kisha twende kwa matajiri wote wa mji huu bila ya kuchagua, mkavu na mkunjufu, tuwaombe kwa adabu. Kila atakayetoa apewe stakabadhi yenye kiasi alichotoa, na hesabu isomwe mkutanoni. Lakini tusimwahidi mtu jina ukutani, wala wimbo, wala barua yake kujibiwa upesi ofisini. Asiyetoa tusimseme barazani. Anayetoa tusimnunue kwa sifa, naye asitununue kwa mchango. Na ikijulikana kwamba fedha ya mtu imetoka katika mizani ya uongo, tuirudishe kwa stakabadhi vile vile. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sifa nayo ni mali, yafaa iwe na daftari lake.

Bwana Rais, mwenye duka la juu hatukupata kumwona tena. Twasikia amefariki. Kama angalikuwa hai tungalimwomba radhi kwa mdomo, kwa maana shilingi zile zililipa vitambaa na mafuta, lakini hazikulipa kunyamaza kwetu. Kwa kuwa hatuwezi, tumeona heri tuseme leo yale tuliyopaswa kuyasema siku ile, tena mbele ya watu wanaotufahamu. Shilingi zetu za kwanza kwa ajili ya watoto ziko hapa mezani, na twamwomba Bwana Mweka Hazina aziandike.